Lenzi ya milimita 300 na makosa ambayo hayakuwa yake

Mzee aliyeniuzia lenzi hii alikuwa anafunga studio yake ya picha pale Kariakoo, baada ya miaka mingi ya kupiga picha za pasipoti siku za kazi na za harusi mwishoni mwa juma. Alikuwa ameipanga mezani pamoja na taa, mapazia ya studio na kamera mbili za filamu ambazo hakuna mteja aliyekuwa akiziulizia bei. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaichukua na kuniwekea mkononi kabla sijasema nimefuata nini. Ilikuwa Nikkor, yaani lenzi ya kampuni ya Nikon, ya milimita 300 inayofunguka hadi 4.5 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), toleo la AI-S la miaka ya 1980, yenye herufi ED ubavuni na mkanda mwembamba wa rangi ya dhahabu kuzunguka sehemu ya mbele. Ina uzito wa karibu kilo moja, yote chuma na kioo, na ndani yake hamna mota wala waya hata mmoja.

"Hii haitakutafutia kitu, mwanangu," alisema. "Kutafuta ni kazi yako."

Tulipokuwa tunapatana bei alinieleza jinsi alivyoitumia kupigia picha za mpira katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa tunauita Uwanja wa Uhuru, kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kushika mwanga) na mwanga wa jioni unaopungua kila dakika. Alisema hakuwa anamfuata mchezaji kwa kuzungusha pete ya fokasi, ile ya kulengea. Alikuwa anailenga nguzo ya goli, anaiacha pete hapo hapo, kisha anasubiri mpira na watu waje wenyewe mahali ambapo lenzi ilikuwa imekwisha kuwaona. Niliyasikia maneno hayo kwa adabu na sikuyatilia maanani. Nilimpa shilingi laki tatu na nusu, nikaondoka nikiwa na furaha kubwa, na kwa karibu mwaka mzima uliofuata nikawa naisingizia lenzi hiyo makosa ambayo hayakuwa yake. Naandika hapa namna nilivyoyafahamu makosa hayo, moja baada ya jingine, kwa sababu naona vijana wengi wananunua lenzi za aina hii kwa kuwa mpya hazishikiki bei, kisha wanaziuza baada ya miezi michache kwa hasira ile ile niliyokuwa nayo.

Kamera yangu ni Sony a7 II, yenye senso, yaani sehemu inayopokea picha badala ya filamu, ya ukubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35 na pikseli milioni 24. Lenzi ya Nikon inaweza kufungwa kwenye kamera ya Sony kwa sababu ya hesabu ndogo ya umbali. Lenzi za mfumo wa F wa Nikon, ulioanza mwaka 1959, zilitengenezwa zikae milimita 46.5 mbele ya filamu, kwa kuwa katikati palihitajika nafasi ya kile kioo kinachopanda na kushuka kila picha inapopigwa. Kamera za leo ambazo hazina kioo hicho zina nafasi fupi zaidi. Ya Sony ni milimita 18. Milimita 28.5 zinazobaki ndizo zinazojazwa na adapta, ambayo ni bomba tu la chuma lenye mdomo wa Nikon upande mmoja na wa Sony upande wa pili. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomkwamisha mwenye lenzi kuukuu za Canon za mfumo wa FD anapotaka kuzifunga kwenye kamera za Canon za mfumo wa EF: zile zinataka milimita 42, hizi zina 44, na milimita 2 zilizozidi haziondolewi kwa bomba la aina yoyote. Rafiki yangu aliyejaribu alilazimika kununua adapta yenye kioo cha kusahihisha ndani yake, akapata kuona mbali lakini akapoteza ukali wa picha. Hesabu hii ipigwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, ambako ndege wa pwani hujikusanya kwa wingi, hasa kuanzia Oktoba hadi Aprili wakati wageni kutoka kaskazini ya dunia wanapokuwa huku kwetu. Nilimlenga yangeyange aliyesimama kwenye maji ya kifundoni, nikabonyeza, na kamera haikupiga. Kwa kuwa lenzi hii haina mawasiliano ya umeme na kamera, kamera iliona kana kwamba mdomo wake uko wazi, na katika menyu kuna mpangilio unaoiruhusu kupiga bila lenzi, ambao wakati huo ulikuwa umezimwa. Niliuwasha, nikapiga picha zaidi ya 200, nikarudi nyumbani na kuzifungua kwenye kompyuta. Hapakuwa na hata moja iliyotulia. Yangeyange alikuwa kama pamba iliyolowa, na mdomo wake, ambao ni mwembamba na mkali kama sindano ya kushonea magunia, ulikuwa na kingo mbili.

Niliamua kwamba lenzi ni mbovu. Nilijiambia kwamba vioo vimelegea, kwamba labda iliwahi kuanguka, kwamba lenzi ya zama za filamu haiwezi kutosheleza pikseli milioni 24. Nilirudi Kunduchi mara sita au saba, na kila mara nilirudi na picha za namna ile. Nilikuwa nimekwisha kumtafuta mtu wa kumuuzia ndipo nikafanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

Nilibandika ukutani ukurasa wa gazeti wenye matangazo madogo madogo, nikaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu umbali wa mita 8, nikazima kidhibiti mtikisiko cha kamera, nikaweka saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili mkono wangu usiguse chochote wakati wa kupiga, kisha nikapiga picha moja kwa kila alama ya pete ya apacha, ile inayofungua na kufunga tundu la mwanga, kuanzia 4.5 hadi 32. Kwa kuwa kamera haijui lenzi imefunguliwa kiasi gani, na faili ya picha haiandiki lolote kuhusu jambo hilo, niliandika kila namba kwenye daftari dogo. Daftari hilo ninalo hadi leo, na limekuwa sehemu ya vifaa vyangu kama betri.

Matokeo yalinishangaza. Kwa 4.5 herufi zilisomeka zote, zikiwa zimefifia kidogo tu kwenye pembe. Kwa 5.6 na 8 niliweza kuona nyuzi za karatasi yenyewe. Kwa 22 na 32 picha ilianza kulainika tena, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na hilo halina uhusiano na umri wa lenzi. Kingo za herufi nyeusi hazikuwa na utando wa zambarau ambao nimeuona kwenye lenzi nyingine ndefu za zamani, na hiyo ndiyo kazi ya kile kioo cha ED, ambacho hakizitawanyi rangi za mwanga kwa kiasi kikubwa kama kioo cha kawaida. Kwa hiyo lenzi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mahali fulani kati ya ukuta wa nyumba yangu na mabwawa ya Kunduchi, na nikaanza kulitafuta.

La kwanza lilikuwa kichujio cha UV kilichokuwa kimefungwa mbele ya lenzi. Nilikiacha kwa sababu nilikikuta, na nilidhani kinakinga. Nilipoirudia picha ya gazeti nikiwa nimekitoa, weusi wa herufi uliongezeka palepale. Kipande cha kioo cha bei ndogo ambacho hakikusawazishwa vizuri hakionekani sana mbele ya lenzi fupi, lakini kwenye lenzi ya milimita 300 kila mkunjo wake hukuzwa pamoja na picha. Tangu siku hiyo kinga yangu ni kile kikofia cha jua kilichojengwa kwenye lenzi yenyewe, ambacho huvutwa mbele, na mkono wangu.

La pili liliniuma zaidi. Kamera yangu ina kidhibiti mtikisiko ndani yake, kinachoisogeza senso kufuata mtetemo wa mkono, na kwa lenzi isiyo na umeme mtumiaji hulazimika kukiambia mwenyewe urefu wa lenzi ni milimita ngapi. Kabla ya kununua lenzi hii nilikuwa natumia lenzi nyingine ya zamani ya milimita 50, na namba iliyokuwa imeandikwa kwenye menyu ilikuwa 50. Miezi yote ile senso ilikuwa inajisogeza moja ya sita tu ya kiasi kilichohitajika, na mimi nilikuwa nasimama pale nikiamini kwamba nimelindwa. Nilipoandika 300, picha iliyokuwa inatetemeka kwenye kidirisha cha kuchungulia ilitulia kama mtu aliyewekewa mkono begani. Sasa kila ninapobadilisha lenzi, jambo la kwanza ninalofanya ni kuingia kwenye menyu hiyo, na nikiweka kamera kwenye stendi nakizima kidhibiti.

Hata hivyo kidhibiti hakiwezi kumtuliza ndege. Zama za filamu watu walifundishana kwamba kasi ya shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga hufunguka, isipungue sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi, yaani 1/300 kwa lenzi kama hii, na kwa picha ndogo iliyochapishwa kwenye karatasi kanuni hiyo ilitosha. Kwa mtu anayekuza picha kwenye kompyuta hadi aione pikseli mojamoja, haitoshi. Mimi sishuki chini ya 1/800 kwa ndege aliyetua, na kwa anayeruka napanda hadi 1/2000, hata ikinibidi kupandisha ISO hadi 1600. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika, lakini mdomo wenye kingo mbili hauna dawa.

Pia nilijifunza kuishika. Adapta ni bomba jembamba, na lenzi ya kilo moja ikining'inia kwenye mdomo wa kamera hulazimisha maungio yote mawili. Lenzi hii ina kola yake ya stendi, yaani pete ya kuifungia kwenye stendi, na kola hiyo ndiyo inayofungwa, si kamera. Nikiishika kwa mikono, kiganja cha kushoto kinabeba lenzi, viwiko viko mbavuni, na kamera inakuwa kama mkia tu wa lenzi.

Kisha kuna hewa, na hili nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililoniibia picha nyingi kuliko yote na ndilo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza. Baada ya kusahihisha hayo yote nilikuwa napata picha nzuri saa moja asubuhi na mbaya saa nne, kwa mipangilio ile ile, bwawa lile lile, wakati mwingine ndege yule yule. Niliangalia lenzi kama imeingia jasho, nikaisafisha, nikabadilisha betri. Siku moja nilikuza picha kwenye kidirisha karibu mara 12, nikamlenga sululu aliyesimama ng'ambo ya bwawa, labda mita 70 kutoka nilipo, na nikaona miguu yake inacheza kama moto wa mshumaa ilhali yeye mwenyewe hajasogea. Yalikuwa mazigazi. Jua likishapanda, udongo wa kingo za mabwawa na chumvi iliyokauka hupata joto, hewa iliyo juu yake huanza kupanda kwa vipande vya moto na baridi, na kila kipande huupinda mwanga kwa namna yake. Macho yetu hayaoni sana hali hiyo kwa karibu, lakini lenzi ndefu huikuza kama inavyomkuza ndege. Lenzi ya milimita 300 ya mwaka huu ingetoa picha mbovu vilevile saa hiyo. Dawa ni kusogea karibu, kupiga juu ya maji badala ya juu ya udongo, na kuwa umekwisha kufunga mfuko inapofika saa tatu. Wakati wa kaskazi, anga likiwa jeupe na upepo haujaamka, napata kama saa moja na nusu ya hewa safi, na siku hizi sidai zaidi ya hapo.

Kosa jingine lilihusu mwisho wa pete. Nilikuwa na mazoea ya lenzi zangu fupi, ambazo pete ikizungushwa hadi igote huwa imefika umbali usio na kikomo. Siku moja nilitaka kupiga picha ya meli zilizotia nanga nje zikisubiri kuingia bandarini, nikaizungusha pete hadi ikagota, nikapiga, na meli zote zikatoka na ukungu. Usiku nikafanya vivyo hivyo kwa mwezi, ukawa kama kitumbua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lenzi za ED za Nikon za aina hii zimeachiwa kwa makusudi nafasi ya kupita alama ya kutokuwa na kikomo, kwa sababu kioo hicho hubadilika kidogo kadiri joto linavyobadilika, na katika joto la Dar es Salaam mahali halisi pa fokasi si palepale palipo katika nchi ya baridi. Juu ya hilo, adapta za bei ndogo hutengenezwa fupi kwa sehemu ndogo ya milimita ili mnunuzi asilalamike kwamba haoni mbali, na ufupi huo huisogeza alama zaidi. Kwa hiyo namba zilizochorwa kwenye lenzi ni dalili tu. Nimeweka alama yangu mwenyewe kwa kalamu nyeupe, mahali ambapo meli za nje hutoka wazi saa moja asubuhi, na hata hiyo naihakiki kwa macho.

Kuhusu kulenga kwenyewe, kamera za leo zina msaada ambao yule mzee hakuwa nao. Kuna zile alama za rangi zinazomeremeta kwenye kingo zilizo kali, na kuna uwezo wa kukuza sehemu ya picha kabla ya kupiga. Alama za rangi nilizipenda mwanzoni kuliko ninavyozipenda sasa. Humeremeta kwenye eneo pana kuliko ukali wenyewe, hasa pete ya apacha ikiwa kwenye 8 au 11, na humfanya mtu aamini amepata jicho la ndege wakati amepata bawa. Kwa hiyo hufungua apacha hadi 4.5, nikalenga kwa kukuza, kisha nikaifunga hadi ninapotaka kwa kuhesabu milio ya pete bila kutoa jicho kwenye kidirisha. Vidole vimezoea kiasi kwamba sihitaji kuangalia.

Lakini msaada wote huo ni wa kitu kilichotulia. Kwa umbali wa mita 10, lenzi ya milimita 300 ikiwa imefunguliwa hadi 4.5, eneo lote linaloonekana kuwa kali, mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ni kama sentimita 30. Kwa mita 5 ni sentimita 7 au 8. Ndege anayekuja kwako kwa kasi huupita upana huo kabla kidole hakijashuka. Niliwahi kutumia asubuhi nzima nikizungusha pete kumfuata mnandi aliyekuwa akipita mbele yangu, na sikupata picha hata moja. Niliporudi nyumbani ndipo yalinijia maneno ya nguzo ya goli.

Nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Badala ya kumtafuta ndege nikaanza kutafuta mahali pake: jiwe lenye kinyesi cheupe, ukingo ambao yangeyange hutua kila maji yanapopwa, kigingi ambacho mdiria hurudi kulia chakula. Wafanyakazi wa mabwawa, ambao nilizoea kwenda kuwaamkia kabla ya kutoa kamera, walinionyesha mahali pengi ambapo peke yangu nisingepajua. Lenzi ndefu humwezesha mtu kumpiga mwenzake picha bila kuonekana, na mimi sipendi kuitumia hivyo. Salamu ile ilinilipa kuliko nilivyotarajia.

Sitaki kuficha kwamba ilibaki kidogo niiue lenzi hii kwa uzembe wa kuitunza. Mvua za masika za mwaka wa pili niliiacha kwenye mfuko wake wa ngozi, ndani ya kabati, kwa wiki tano. Nilipoitoa na kuimulika ndani kwa tochi ya simu kutoka nyuma, niliona kwenye ukingo wa kioo kimoja kitu kama uzi wa buibui wenye matawi. Ni kuvu, na pwani yetu ni nyumbani kwake: unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, giza likiwepo na hewa ikiwa haitembei, huota juu ya vioo na kuanza kula utando uliopakwa juu yake. Fundi aliifungua na kuisafisha, akanirudishia baada ya siku nne, na kovu lililobaki ni dogo kiasi kwamba linaonekana tu nikipiga kuelekea jua. Sasa inakaa kwenye chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, na sindano ya kipimo ikivuka 50 navikausha vifuko upya. Mfuko wa ngozi ni mzuri kwa safari, lakini ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Yeyote anayenunua lenzi ya zamani Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar aende na tochi, afungue apacha yote, amulike kutoka nyuma kwa upande upande, na akiona uzi wa aina hiyo katikati ya kioo aiache mezani hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Picha ninayoipenda kuliko zote niliipata asubuhi moja ya Februari. Karibu na lango la maji la bwawa moja kuna kigingi cha boriti ya mkoko, kimepasuka juu, na katika ufa wake chumvi hujikusanya kama ugali uliobaki chunguni. Nilikuwa nimekwisha kuona mara tatu kwamba mdiria mmoja, wale wa rangi nyeusi na nyeupe, hurudi pale kila anapopata samaki. Nilikaa chini mita 9 kutoka kwenye kigingi, jua likiwa mgongoni mwangu, kamera kwenye stendi fupi, nikakuza picha, nikaizungusha pete taratibu hadi punje za chumvi ndani ya ufa zikasimama mojamoja. Nikafunga apacha hadi 5.6, nikaandika kwenye daftari, nikaweka 1/1600, na sikuigusa pete tena.

Mdiria alikuwa juu ya bwawa. Ndege huyu ana uwezo wa kusimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kikiwa hakisogei kabisa, na nilijizuia kwa nguvu nisimgeukie. Alijitupa majini, akatoka, akazunguka nyuma yangu ambako sikumwona, na kwa muda nikadhani amekwenda zake. Kisha kigingi kikawa na ndege. Alikuwa dume, kwa maana kifua chake kilikuwa na mikanda miwili myeusi ilhali jike ana mmoja. Alikuwa na samaki mdogo mdomoni, akamgonga mara nne kwenye mti, na mimi nilikuwa nabonyeza kila kichwa kilipotulia kati ya pigo na pigo. Nilipiga picha 11. Nne kati yake ni kali kiasi kwamba kwenye jicho jeusi la ndege kinaonekana kijinukta cheupe cha jua, na chini ya mdomo kuna tone la maji ambalo lilikuwa halijadondoka.

Nilichapisha moja kwa ukubwa wa karatasi ya A3 na kumpelekea yule mzee nyumbani kwake. Alivaa miwani, akaipeleka picha dirishani, akaiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kidole chake kilipita juu ya mdomo, jicho, manyoya ya utosi, kikashuka hadi kwenye ufa wa kigingi, kikasimama kwenye punje za chumvi.

"Ulilenga hapa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulifungua ngapi?"

Nilitoa daftari mfukoni na kumsomea.